Asali ya Ndizi za Munigi

9 Juni, siku ya Mungu

Mvua imekata. Tangu juzi hakuna hata tone, na vumbi jeusi la mawe ya volkano limeanza kuingia kwenye meno. Ndivyo kiangazi kinavyofika hapa Majengo: unatema mchanga kabla ya kusema bonjour.

Leo baada ya misa muzee ametangaza jambo. Mimi sikuwa mezani. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na bakuli la sombe, majani ya muhogo, mkononi, mahali pangu pa kila siku. Muzee Bulonza ni baba wa bwana yangu Cikuru. Jina lake naliandika hapa tu, kwa mdomo silitaji. Kwao Bashi, mke wa mtoto hamshiki baba mkwe mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni. Mimi ni Mnande wa Butembo, na kwetu heshima ipo, lakini hii ya nyumba hii imefungwa kwa kufuli. Miaka sita sasa. Muzee akitaka kuniambia neno, anauambia mlango. "Mulango, ambia bibi ya Cikuru chai iko baridi." Mimi nasikia, naenda kupasha chai.

Basi akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, kwamba anauza shamba la migomba la Munigi. Monsieur Buhendwa analitaka ajenge depo ya sementi. Watamalizana siku kuu ya Maria kupalizwa, tarehe kumi na tano Agosti, kisha yeye anarudi Walungu kwa mdogo wake.

"Unaenda kufanya nini kule, papa?" Cikuru akauliza.

"Kungojea."

Hakuna aliyeuliza kungojea nini. Nilisimama pale mpaka sombe ikapoa.

11 Juni

Wateja wengi saluni kwangu, wote wana harusi. Vumbi.

16 Juni

Asiyeijua asali ya ndizi atasema muzee auze tu, migomba iko kila mahali. Haya, nimwelezee, ingawa hakuna atakayesoma.

Kila kiangazi familia hii inakata ndizi za pombe, inazifukia kwenye shimo la joto mpaka ziive zote pamoja, inazimenya, inazikamua kwa nyasi ndefu ndani ya gogo lililochongwa. Gogo hilo tunaliita mtumbwi, ingawa halijawahi kuona ziwa. Watu wengine wakishapata maji matamu wanatia unga wa mtama, wanapata kasiksi, wanalewa, basi. Hawa hawatii kitu. Wanachemsha maji yale kutwa nzima mpaka bidoni zima, dumu kubwa, linabaki chupa chache, nyeusi, nzito, inayoshuka kwenye kijiko bila haraka. Ni dawa ya ubatizo, ya posa, ya mtu aliyerudi salama kwa barabara ya Rutshuru. Siku nilipoletwa hapa bibi harusi, nikiwa natetemeka kama kuku wa mvua, mama mkwe wangu, Mama Nsimire, alinitia kijiko kimoja mdomoni. Nililia. Ilikuwa na ladha ya moshi na ya kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina.

Lakini wakamuaji lazima wawe wawili: mwenye shamba mwenyewe na mwanamke mmoja wa nyumba yake, wanaangaliana, na mikono inakutana ndani ya ndizi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu ujana wao walikuwa muzee na Mama Nsimire mkewe. Mama Nsimire tumemzika mvua iliyopita. Binti yao, wifi yangu Dorine, hahesabiwi: binti akiolewa, mikono yake imeondoka naye, anakamua kwa bwana yake. Huko kwa bwana yake hawakamui chochote, wananunua Fanta.

Basi mwanamke wa nyumba amebaki nani? Mimi. Na mimi muzee simgusi. Ndiyo sababu anauza, si nyingine. Hana mikono ya upande wa pili.

24 Juni

Nimemwota Mama Nsimire. Alikuwa anamenya ndizi, na maganda hayakuanguka chini; yalipanda polepole, ya manjano, yakapita juu ya migomba yakielekea mlimani. Nikamwuliza yanakwenda wapi. Akaniambia, "Lete kisu kingine, juu ya nini umesimama tu?" Kwenye ndoto pia alikuwa na kazi za kunipa.

Asubuhi nikapanda motari, pikipiki ya abiria, mpaka Munigi. Lava ya mwaka ule wa 2021 ilisimama nyuma kabisa ya shamba, na mpaka leo ukuta wa mawe upo, na migomba imeota hadi kwenye nyufa. Mikungu imejaa, inainama. Nililala chini ya majani kama mvivu, nikasikiliza majani yakisuguana, na kwa muda sikujua kama nimeamka au bado niko kwenye ndoto.

Nalipenda shamba hili kuliko nyumba ninayolala. Niandike basi. Mimba zangu mbili zilizotoka, Mama Nsimire alizifunga kwenye kitenge, akaja nami hapa, akazika pale kwenye kona karibu na lava. Juu yake akapanda mgomba. Hakusema maneno mengi, na wanaume hakuwaambia. Sasa wanataka kumwaga sementi pale.

30 Juni

Nimemwambia Cikuru azungumze na baba yake. "Ile ni mambo ya bakubwa," akasema, akaingia chini ya gari lake. Huyu anaendesha lori mpaka Kiwanja bila woga, lakini baba yake akikohoa anajificha uvunguni. Nampenda, lakini leo nilitamani kumpiga na spana.

7 Julai

Dorine amekuja kusukwa bure, kama kawaida yake. Nikamwuliza, nikijifanya nauliza tu: hivi ile kufuli ya baba mkwe haifunguki?

"Inafunguka," akasema. "Papa mukwe anakamata kuku, anamupatia muke wa mutoto wake, anamushika mukono mbele ya batu. Imeisha. Kisha banakula pamoja, banatumika kazi pamoja."

"Na lini anafanya ile?"

"Siku unazaa, mama. Mutoto akiingia mu nyumba, mugeni anatoka." Akanitazama kwenye kioo. "Lakini weye mutoto iko wapi?"

Nikavuta msuko zaidi kidogo ya ilivyohitajika. "Aka! Charline, kichwa yangu!" Nikasema pole. Haikuwa pole. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ni mwaka wa sita na bado ni mgeni, jembe lenyewe siruhusiwi hata kulipokea mkononi mwa muzee.

13 Julai

Vumbi. Mlima umewaka mwekundu jioni, watu wametoka kuutazama wakila karanga.

14 Julai

Vumbi.

20 Julai

Nimechoka kungoja wanaume. Nimechukua panga, nimekwenda Munigi, nimekata mikungu iliyokomaa, nimechimba shimo kama nilivyomwona Mama Nsimire akifanya: majani makavu yachomwe ndani kwanza, kisha majani mabichi, kisha ndizi, kisha majani tena na udongo. Hakuna mwiko unaonikataza kuchimba.

Jioni muzee akauambia mlango: "Mulango, uliza bibi ya Cikuru nani amekata ndizi yangu."

Nikanyamaza. Mlango pia ukanyamaza. Baada ya muda nikamsikia anacheka puani, kidogo sana, kama mtu anayepiga chafya. Sijawahi kumsikia akicheka tangu tumzike mkewe.

27 Julai

Nimeharibu. Au Dorine ameharibu. Au Mungu.

Shimo lilipofunguliwa, harufu ilitoka mpaka barabarani, na majirani wakaanza kusalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Ndizi zilikuwa laini, za manjano sawasawa. Muzee akazishika moja moja. Dorine akaja mbio kutoka kwake, amevaa kitenge kipya, analia: "Papa, nitakamua mimi, hata kama mikono imeondoka. Tujaribu tu." Muzee akakubali, nafikiri kwa uchovu.

Wakakaa, mtumbwi katikati. Mimi nilikuwa ninamenya nikiwapa mgongo. Nilisikia nyasi zinasuguana, chwa, chwa, chwa. Inatakiwa ifike wakati sauti ibadilike, ndizi ziachie maji, na ukamuaji uanze kulia kama miguu ndani ya matope mepesi. Nikangoja. Chwa, chwa. Cikuru akaongeza nyasi. Chwa. Jua likapanda. Nilipogeuka kwa siri niliona uji tu, uji mzito wa kahawia unaong'ang'ania vidole vya muzee, na hakuna tone lililotoka.

"Imekataa," muzee akasema. Akasimama kwa kushika magoti. "Mumeona. Tumupigie Buhendwa simu."

Dorine akapita karibu yangu akijifuta machozi kwa mkono, na hapo ndipo niliposikia harufu. Mimi ni mtu wa saluni, pua yangu inajua. Lotion ya papai, imepakwa mpaka kwenye viwiko, ya kuwapendeza majirani! Eh, Dorine! Hata mtoto wa Munigi anajua ndizi haitaki mafuta. Mafuta kidogo tu yakiingia, maji hayaachii. Lakini miaka mingi Dorine anaishi na Fanta.

Nilitaka kupiga kelele. Ningemwambia nani? Cikuru alikuwa tayari anatafuta namba kwenye simu. Muzee alikuwa mbele yangu hatua chache tu, mgongo umeinama, na mdomo wangu kwake umefungwa. Nikaokota maganda. Nimelia jikoni mpaka moto ukazimika.

3 Agosti

Leo nimefanya kitu ambacho mama yangu Butembo akikisikia atafunga novena.

Muzee alikuwa mezani peke yake, jua linazama. Nilisimama nyuma ya mlango, nikaweka paji la uso kwenye mbao. Nikasema:

"Mulango, ambia muzee ndizi haina kosa. Dorine alijipakaa lotion."

Kijiko kikasimama.

"Mulango," akasema polepole, "ambia bibi ya Cikuru ile haibadilishe kitu. Mutu ya kukamua naye haiko."

"Mulango, ambia muzee asiuze shamba."

"Juu ya nini?"

Alisahau kuuita mlango. Nafikiri sote wawili tulisikia. Nikashika kitasa, na maneno yakatoka bila kunisubiri. "Kuko batoto yangu mule. Babili. Bale batoto benye habakukaa. Mama alibazika kwa kona, karibu na mawe ya lava. Alinikataza kusema, juu aliogopa mutapata huzuni. Kama Buhendwa akimwaga sementi, mimi nitaenda kulilia wapi?"

Nilisikia jirani anatwanga. Nikafikiri sasa atasimama, atamwita Cikuru, atanirudisha kwetu na mizigo yangu.

"Upande gani ya kona?" akauliza.

"Kwa mugomba ile inainama."

"Ile bibi yangu alinikataza kukata."

"Ndiyo ile, muzee."

Kiti kikasogea. Akachukua kofia na fimbo, akatoka, nikasikia anaita motari barabarani. Chakula chake alikiacha. Alirudi giza limeshaingia, na suruali yake ilikuwa na vumbi jeusi kwenye magoti yote mawili. Hakuniangalia. Alisimama mbele ya mlango akivuta pumzi.

"Mulango," akasema, "ambia bibi ya Cikuru afukie ndizi zingine. Na atafute majivu ya kunawa. Mikono yake inanuka mafuta ya nywele mpaka mezani."

5 Agosti

Ndizi nimezifukia jana, leo nimefunga saluni. Bibi harusi wa keshokutwa amenitukana mpaka ukoo wangu. Nasugua kucha kwa majivu na ndimu. Vidonda vinauma vizuri.

10 Agosti

Niandike taratibu, nisiruke.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, na Munigi yote ilikuwa nyeupe, migomba inatokea na kupotea. Tulikuwa muzee, Cikuru, Dorine, na jirani Mama Niyonsenga aliyeitwa kuwa shahidi. Muzee alikuwa na kuku chini ya kwapa. Nilimwona kuku huyo na nikajua, na sikuamini.

"Papa," Dorine akanong'ona, "mutoto haiko. Haifanyikake hivi."

"Iko," muzee akasema. "Iko babili. Nilienda kubasalimia." Akanigeukia, hakuna mlango shambani, hakukuwa na cha kujificha nyuma yake. "Bibi yangu alijua, mimi sikujua. Sasa ninajua. Umezaa mu nyumba yangu. Kamata kuku yako."

Nikampokea kuku. Kisha akanyoosha mkono. Miaka sita nimeupikia mkono ule, nimeufulia mashati, na sikuwahi kujua kwamba kiganja chake ni cha baridi na kikavu kama karatasi. Mama Niyonsenga akapiga vigelegele. Cikuru akaangalia pembeni, mabega yanatikisika. Mimi nililia kwa sauti kama mtoto mdogo, na sioni haya.

Tukakaa. Mtumbwi katikati. Ndizi, nyasi, mikono. Chwa, chwa, chwa. Mwanzoni ni uji tu. Nikamtazama usoni ili nione kama anakata tamaa. Mara ya kwanza kumtazama. Jicho lake la kushoto lina doa dogo la kahawia kwenye weupe. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anasikiliza. "Usisukume," akasema. "Viringisha. Ndizi si nguo ya kufua." Nikaviringisha. Vidole vyake vikapita chini ya vyangu, vikarudisha, nikapokea, nikarudisha.

Kisha sauti ikabadilika. Sijui niieleze vipi. Kile kizito kikalegea ghafla, mikono yangu ikateleza ndani ya kitu chepesi na cha baridi, na povu jeupe likapanda mpaka kwenye viwiko. "Inakuja!" Dorine akapiga kelele. "Papa, inakuja!" Ilikuja, mama! Ilikuja mpaka tukakosa bidoni.

Kutwa nzima tulichemsha. Ukungu uliondoka, mvuke ukachukua nafasi yake, na ndani ya mvuke kila mtu alikuwa anaonekana nusu. Dorine ndiye aliyepepea moto saa zote hizo, uso umejaa masizi, kucha zake ndefu amezikata fupi kabisa, hakuna aliyemwomba. Wakati wa mchana alinisogelea akasema tu, "Nisamehe ile ya kioo." Nilikuwa nimemwona mwanamke wa majivuno. Kumbe ni binti aliyefiwa na mama, na mikono yake nyumbani kwao haihesabiwi tena. Nikampa nafasi ya kukoroga.

Muzee aliketi kwenye jiwe la lava, akawa anaongea, si na mtu fulani. Alisimulia jinsi Mama Nsimire mwaka wa kwanza alivyomchapa mkono kwa kuwa alikuwa anasukuma. Sijui kama nililala nikiwa nimekaa. Nilimwona Mama Nsimire akipita nyuma ya sufuria na kisu chake, akakagua moto, akaendelea na safari zake. Nilipotazama tena ilikuwa mvuke. Rangi ilitoka manjano ikawa kahawia, ikawa nyeusi, na mapovu yakawa makubwa na mavivu.

Muzee akaonja. Akanipa kijiko, nikaonja mbele yake, bila kugeuka.

"Bado?" akauliza.

"Bado kidogo."

Tukangoja pamoja.

15 Agosti, siku kuu

Monsieur Buhendwa amekuja baada ya misa, suti ya bluu, watu wawili nyuma yake. Muzee alinikalisha mezani, kulia kwake. Sahani yangu ilikuwa pale. Nilikuwa sijui mikono niiweke wapi.

Buhendwa alikunywa chai, akasifu padri, akasifu kiangazi, mwishoni akasema, "Bon, muzee. Tumalize ile maneno."

"Imeisha malizika. Siuze."

"Lakini tulipatana!"

"Tulipatana wakati nilikuwa peke yangu." Muzee akamsogezea sukari. "Niliona mimi ni mutu ya kwisha, shamba ni ya kwisha. Nilidanganyika. Kuko bajukuu bangu babili mule, na mama yabo ni huyu. Unataka kuuliza, uliza yeye."

Buhendwa akanitazama. Wote wakanitazama. Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali, nikameza vibaya, nikakohoa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwa miezi miwili, yote ya hekima. Nikasema, "Hapana, monsieur." Ilitosha. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, na tulipomuaga tulimpa chupa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu anatafuta mahali pa sementi.

Jioni Cikuru akauliza tena, kwa woga wake uleule: na Walungu je? Muzee akasema ataenda Noeli kumsalimia mdogo wake, kisha arudi.

8 Septemba

Mvua ya kwanza! Kubwa, ya radi, imeosha Majengo mpaka nyumba zikawa na rangi tena. Nilikuwa nasuka mteja. Motari ikasimama mbele ya saluni, muzee yuko nyuma, amekumbatia gunia la miche ya migomba, amelowa mpaka kofia. Hakuteremka. Akasema, "Unangojea nini?" Nikamwomba mteja radhi, kichwa kimesukwa nusu, nikapanda motari nyingine.

Tumepanda chini ya mvua, kwenye kile kipande kitupu kando ya lava. Mgomba unakaa zaidi ya mwaka kabla ya kuzaa, na ukizaa vizuri ni mwaka wa pili, wa tatu. Muzee ana miaka themanini na moja. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni, na alikuwa anachimbua udongo kwa mikono. Nilitaka kumwambia apumzike, turudi, hii ni kazi ya kesho. Nikafungua mdomo. Yeye akawahi, akaingiza fimbo kwenye shimo nililochimba, akapima, akatikisa kichwa.

"Ongeza," akasema. "Hapo unapanda ndizi ao kitunguu?"